Istilahi za Kiwanda cha Dawa: Kosa Letu Walimu

Katika mkutano wa chama chetu wa mwaka jana, mwenzetu mmoja, mwalimu ninayemheshimu na aliyenitangulia katika kazi hii, alisimama akasema kwamba Kiswahili kina mahali pake na kiwanda kina mahali pake. Kwamba herufi kama GMP, API na QC ni mali ya ulimwengu mzima kama zilivyo namba. Na kwamba mwalimu wa lugha anayejitia kuzitafuta kwa Kiswahili ni kama mtu anayemshonea samaki kanzu. Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, maana maneno yalisemwa kwa ufundi. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilinitumbukia nyongo, kwa kuwa yuko mtu aliyepoteza kibarua chake kwa ajili ya tafsiri niliyoifanya mimi, na mtu huyo hakuwapo ukumbini kucheka pamoja nasi.

Nitasimulia kisa hicho kwanza, kisha nitajibu hoja.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la jioni hapa Kampala. Najua kwamba Kampala si mji wa Kiswahili, na wapo bado wanaokiita lugha ya askari. Lakini miongoni mwa wanafunzi wangu walikuwapo wafanyakazi wa kiwanda cha dawa, watu wa Arua, wa Busia, wa Goma na wa Bunia, na lugha waliyokutana nayo wote penye mitambo ilikuwa Kiswahili, chenye lafudhi zote na ngeli zilizoteguka. Msimamizi wao alikuwa mwerevu. Aliona kwamba amri zilizobandikwa ukutani kwa Kiingereza zinasomwa na wachache, akaniomba niziandike kwa Kiswahili. Nilijiona nimepata heshima. Nikachukua kamusi mbili, nikaandika kwa usiku mbili, nikalipwa.

Sasa, katika chumba cha kufungashia dawa mna mtambo mrefu ambao vidonge hupita juu yake, vikajazwa katika vyombo, vyombo vikabandikwa lebo. Wafanyakazi huuita laini. Kila toleo moja la dawa linapokwisha, na kabla ya lingine kuanza, sheria ya kazi ni kwamba mtu mmoja aondoe kila kitu cha toleo lililopita: kidonge kilichoangukia nyuma ya mkanda, lebo iliyonasa chini ya meza, karatasi ya maelezo, kifuniko, kisha mtu wa pili, asiyekuwa yule wa kwanza, akague na kutia sahihi kwamba hakikubaki kitu. Kiingereza kina jina fupi la kazi hiyo. Mimi nililiandika hivi: KUSAFISHA LAINI.

Yule mtu wa Bunia alisafisha. Alifagia, akapangusa, akang'arisha mpaka chuma kikawa kioo, akatia sahihi. Chini ya meza kilibaki kitita cha lebo za toleo lililopita, dawa ileile lakini ya nguvu ya miligramu 250, na toleo jipya lilikuwa la miligramu 500. Baadhi ya lebo zile zikaingia kazini. Mkaguzi aligundua kosa kabla mzigo haujatoka langoni, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyedhurika, nashukuru. Lakini mtu yule aliachishwa kazi. Alipoulizwa alijibu: “Niliandikiwa nisafishe, nikasafisha.” Hakuna jibu la kweli kuliko hilo, na aliyemwandikia ni mimi.

Hayo si yote. Pipa la malighafi linapofika ghalani hubandikwa karatasi ya manjano, maana yake lisiguswe hadi maabara itoe majibu. Mimi nililiandikia KARANTINI, nikidhani nimechagua neno linalojulikana na kila mtu baada ya Ebola na korona. Kwa hakika lilijulikana mno! Watu waliogopa kulikaribia pipa, wakidhani mna ugonjwa ndani yake. Na lile lililopasishwa, lenye karatasi ya kijani, nililiandikia IMETOLEWA. Mtunza ghala akasoma kwamba kilichomo kimekwisha kutolewa, akalipita kana kwamba ni pipa tupu. Kwa vyumba ambavyo hewa yake haina kijidudu hata kimoja nilichukua katika kamusi neno tasa. Mama mmoja mfagizi aliniuliza kwa upole kama chumba nacho huzaa.

Basi mwenzetu aliyesema tuache mambo haya angeweza kunishika hapo akasema, “Si unaona? Ungeacha Kiingereza kilivyo.” Hasha. Kiingereza kilipokuwapo peke yake watu wale walifanya kazi kwa kukisia na kwa kuulizana. Kosa langu halikuwa kuandika Kiswahili. Kosa langu ni kwamba niliandika nikiwa na kamusi bila kuingia chumbani, nisiione kazi ikifanywa, nisimwulize hata mtu mmoja anaiitaje. Nilitafsiri neno, sikutafsiri kazi. Na sisi walimu tumewafundisha wanafunzi wetu kutafsiri kwa namna hiyohiyo kwa miaka mingi.

Wanaosema kwamba vifupisho ni mali ya ulimwengu mzima wanasahau wanaishi wapi. Mwulize mfamasia wa Bujumbura maana ya GMP, huenda akaijua kwa kuisoma, lakini alichofundishwa yeye ni BPF. Jina la dawa lisilo la biashara, ambalo kwetu hapa huitwa INN, kwake ni DCI. Shirika la Afya Duniani kwetu ni WHO, kwake ni OMS. Ule ugonjwa ambao Kiingereza huuita AIDS, Kifaransa huuita SIDA. Mtu akivuka kutoka Goma kuja Kampala kutafuta kazi hubadilishiwa herufi zote kama anavyobadilishiwa fedha mpakani, na hupoteza kitu kidogo katika kila badiliko. Huo ndio ulimwengu mzima wenyewe: nusu ya herufi tuliachiwa na mkoloni mmoja, na nusu na mwingine. Tangu mwaka 2022, Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lugha inayoweza kusimama kati ya GMP na BPF bila kuwa upande wa yeyote ni hii tunayoifundisha. Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, katika kifungu cha 137, ulikwisha kusema kwamba Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano baina ya watu wetu. Nchi za Jumuiya zimefanya kazi ya kulinganisha taratibu za kusajili dawa tangu mwaka 2012. Taratibu zinalinganishwa, je, maneno?

Tena wasidhani kwamba herufi ni kitu kisichodhuru. Mwaka 2006 watu zaidi ya 100 walikufa katika nchi ya Panama kwa kunywa dawa ya kikohozi. Dawa ilitengenezwa kwa kitu kilichodhaniwa kuwa gliserini, maji mazito matamu yanayotumika sana katika sharubati za dawa. Kumbe mlikuwa na dayethilini glikoli, sumu inayoua figo, ambayo nayo ni tamu na nzito vilevile. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulifuata njia ya mapipa yale kutoka Panama hadi Hispania, na kutoka Hispania hadi Uchina, kwenye kiwanda kilichoyauza kwa jina la gliserini ya TD. Herufi hizo mbili zilifupisha neno la Kichina, tidai, lenye maana ya kitu kinachoshika mahali pa kingine, yaani badala. Gliserini ya badala! Kwa Kichina, neno likiwa zima, mtu angeweza kushtuka. Lakini zilibaki herufi mbili tu, na kadiri mzigo ulivyobadilisha mikono na hati zikaandikwa upya njiani, hata herufi hizo zilitoweka, ikabaki gliserini safi katika karatasi.

Na kuna kisa cha zamani zaidi. Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi katika sumu hiyohiyo na kuiuza kwa jina la eliksiri. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto. Serikali ilipotaka kuikamata dawa ile ilikuta kwamba sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtu kupima dawa yake kabla ya kuiuza. Ilikamatwa kwa kosa moja tu: neno eliksiri lilikuwa na maana ya dawa iliyoyeyushwa katika kileo, na hii haikuwa na kileo. Kama wangaliiita mmumunyo tu, serikali isingalikuwa na hoja. Mwaka uliofuata sheria mpya ilitungwa. Nawaomba wale waliocheka ukumbini wakifikirie kisa hicho: maana ya neno moja, ikiwa imewekwa wazi na kukubaliwa, ndiyo iliyozuia chupa zilizosalia zisinywewe.

Sumu ile haijaondoka duniani. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya sharubati nne. Dawa ya namna hiyo inapotakiwa kurudishwa kutoka madukani na majumbani, kinachotafutwa si jina la dawa peke yake, bali namba ya toleo. Mama aliye nyumbani ana chupa mkononi. Redio inamtajia namba. Anatafuta ubavuni mwa chupa anakuta B. No., au LOT, au BN, na chini yake MFG na EXP, au PER ikiwa imetoka upande wa Kifaransa. Atajuaje ni ipi? Taarifa za Kiswahili zinazotolewa Tanzania husema toleo, nami nalipenda neno hilo, kwa sababu mtu aliyezoea toleo la gazeti anafahamu mara moja kwamba dawa nayo hutoka kwa mafungu, na fungu moja laweza kuwa bovu na jingine zima. Lakini hapa kwetu ni wanafunzi wangapi waliomaliza shule wakiwa wamelisikia neno toleo likitajwa pamoja na dawa? Tunawafundisha ngeli ya LI-YA kwa jicho na jino mwaka baada ya mwaka.

Wengine husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hilo nalikataa kwa nguvu kuliko yote, kwa maana niliingia chumbani baadaye, nikiwa nimechelewa, na nikasikia. Tazameni jinsi kidonge kinavyotengenezwa kwa njia ya majimaji. Unga wa dawa na unga wa kujazia hupimwa, huchekechwa, huchanganywa. Kisha hupikwa uji wa wanga, uji kweli, kama wa mgonjwa, ukamiminwa juu ya unga, na mchanganyiko hukandwa hadi ushikamane ukishikwa kiganjani lakini usiwe tope. Hupitishwa katika chekeche ukiwa mbichi, ukatoka chembechembe. Chembechembe hukaushwa, huchekechwa tena, hutiwa unga kidogo wa kulainisha ili zisigande katika mtambo, ndipo zikagandamizwa kuwa vidonge, na vidonge vingine huvishwa ganda. Kuchekecha, kukanda, kukausha, kugandamiza, kuvisha: ni neno gani katika hayo ambalo bibi yako hakulijua? Wafanyakazi wale walizungumza hivyo bila kamati. Mpishi wa wanga waliita mama uji, ingawa alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Mabingwa wa istilahi wangefika na orodha yao wangewanyamazisha.

Na hapa nawageukia hao mabingwa, kwa kuwa sitaki ionekane kwamba nawapiga vita wapenda Kiingereza peke yao. Naheshimu kazi iliyofanywa na TUKI katika kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990, na ile ya BAKITA katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Zilikuwa kazi za watu wachache wenye fedha chache. Lakini desturi iliyofuata, ya kukaa mezani na orodha ya Kiingereza upande wa kushoto na kuziba nafasi upande wa kulia, imetuzalia maneno ambayo hayajawahi kutamkwa na mtu mwenye kazi mikononi. Yako maneno matatu tofauti ya kazi za kiwandani, moja la kuthibitisha kwamba mtambo umewekwa sawasawa, moja la kuthibitisha kwamba njia nzima ya kutengeneza huleta dawa ileile kila mara, na moja la kuangalia tu kwamba jambo fulani limefanyika leo. Katika orodha nilizoziona yote matatu yameitwa uthibitishaji. Mkaguzi akiuliza kama uthibitishaji umefanywa, kila mtu atajibu ndiyo, na kila mtu atakuwa amesema kweli ya kwake.

Kinyume chake, kitu kinachounganisha unga ili ushikamane nimekiona kimeitwa kiunganishi. Walimu wenzangu, kiunganishi ni chetu. Tumekwisha kukipa kazi kati ya sentensi mbili, nacho hakina nafasi. Si afadhali kuchukua kitenzi kunata, tukasema kinatishi? Kiini nacho kimekwisha kupewa atomu, kwa hiyo hakifai kuwa jina la kile kiambato chenye kutibu. Kiambato amilifu sina ugomvi nacho, ijapokuwa wafanyakazi husema dawa yenyewe, na wakisema hivyo hakuna asiyefahamu.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Yapo mambo ambayo nataka yaachwe kama yalivyo, na nitapigana na yeyote atakayeyagusa. Alama za vipimo zisiguswe. Nimeona karatasi ya mwanafunzi aliyefupisha mikrogramu kuwa mg, kwa kuchukua m ya mwanzo na g ya katikati, akijivunia kwamba amefupisha kwa Kiswahili. Mg ni miligramu, yaani mikrogramu 1,000. Kwa dawa nyingine tofauti hiyo ni kaburi. Vilevile majina ya dawa katika lebo yaandikwe kama yalivyopangwa na Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1953, kwa kuwa mwisho wa majina hayo una maana: zinazoishia kwa cillin ni ukoo mmoja, zinazoishia kwa vir hupambana na virusi. Katika kitabu cha shule na katika mazungumzo tuseme parasetamoli na amoksilini bila haya, maana orodha yenyewe ya Shirika humpa Mfaransa tahajia yake na Kilatini tahajia yake. Lakini katika lebo, ambamo herufi moja hutenga dawa na dawa, tuwe na adabu.

Juu ya vifupisho vyetu wenyewe, mfano tunao. Ugonjwa ule ulipozuka pande za Rakai na Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa hapa waliuita kwa neno la Kiingereza la kukonda. Kisha likaja UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, likaenea pwani na bara, likapata ngeli, likaandikwa kwa herufi ndogo kama neno lililozaliwa nyumbani. Kwa nini lilishika? Kwa sababu kila aliyelisikia alifundishwa kwanza maneno yake yakiwa mazima, na kwa sababu silabi zake hutamkika kwa ulimi wa Kiswahili. Mfano wa pili ni mtamu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilibadilisha dawa ya malaria, ikaleta kidonge chenye artemetha na lumefantrini pamoja. Ingeweza kuachwa na herufi zake. Badala yake ikaitwa dawa mseto. Mseto ni chakula, mchele na choroko katika sufuria moja. Mtu asiyejua kusoma alielewa kwamba hizi ni dawa mbili zilizopikwa pamoja. Siamini kwamba kamati ingekaa siku tatu hotelini ikapata neno bora kuliko hilo.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tulipiga makofi. Je, tumejiandaa kuwafundisha nini hao watoto wanaolazimishwa? Wengi wao hawatakuwa washairi. Watakwenda viwandani, maghalani, katika maduka ya dawa, na huko watakuta karatasi ya manjano juu ya pipa. Nataka kila mwalimu aliye karibu na kiwanda aombe ruhusa aingie siku moja, akae kimya, aandike watu wanasemaje, kisha atume maneno hayo kwa mhariri wa jarida hili. Tukishayakusanya, tuyapeleke kwa Kamisheni ya Kiswahili kule Unguja, si kama orodha ya kutafsiriwa, bali kama maneno ambayo tayari yanafanya kazi na yanataka kibali.

Mimi nimeanza. Nimeandika upya matangazo yale bila malipo, ijapokuwa kiwanda kile hakikuniomba. Karatasi ya manjano sasa inasema INASUBIRI MAJIBU, ya kijani, RUHUSA KUTUMIA, nyekundu, IMEKATALIWA. Ile kazi ya laini niliiita UKAGUZI WA MASALIO, nikaridhika nalo sana. Kisha nikachukua karatasi hizo nikamtafuta yule mtu wa Bunia, ambaye siku hizi anauza viatu vya mitumba. Alizisoma taratibu, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye masalio alisimama, akaniuliza kama ni ya chakula, maana kwao masalio ni yale yanayobaki sahanini. “Andika mabaki, mwalimu,” akasema, “na uandike na lebo pia, ndiyo iliyonifukuza.” Nikafuta pale pale juu ya meza yake ya viatu, nikaandika: UKAGUZI WA MABAKI – VIDONGE, LEBO, KARATASI.